Tovuti rahisi kwa mteja ni kazi ya mwenye duka

Anayetafuta bati haingii kwenye tovuti ya duka ili aitazame tovuti. Anaingia na maswali yake: geji 30 ya migongo mipana ni shilingi ngapi, ipo au imeisha, mnaleta hadi Mikese, na usafiri ni juu ya nani. Akiyapata majibu hayo, hana habari kama ukurasa ni wa kijani au wa chungwa. Asipoyapata anaondoka, na mwenye duka hatajua kamwe kuwa kulikuwa na mteja. Dukani angalau angemwona akigeukia mlangoni.

Tuchukue duka la namna hiyo, la vifaa vya ujenzi, tuliweke Morogoro mjini, jirani na Msamvu. Ni duka la kubuni, lakini shida zake utazikuta kwenye tovuti za hoteli, za shule, za saluni, hata za benki. Mwenye duka ameambiwa na watu watatu kwamba siku hizi biashara bila tovuti haionekani. Anakwenda kwa kijana anayetengeneza tovuti, anamwambia anataka kitu cha kisasa, chenye mvuto. Wanabishana kuhusu rangi ya nembo, wanachagua picha ya mzungu aliyevaa kofia ya ujenzi, tovuti inakamilika na inapendeza. Bei ya bati haimo.

Watu wengi wakisikia “tovuti rahisi kutumia” hufikiria mwonekano: nafasi nyeupe, herufi nzuri, picha zinazoteleza. Kuna njia bora ya kulitazama jambo hili, nayo ni ya Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyefanya kazi kwenye maabara ya utafiti ya Xerox PARC na baadaye Apple, mmoja wa waliotuletea ile amri ya kunakili na kubandika. Katika miaka ya 1980 Tesler alijenga hoja kwamba kila shughuli ina kiasi fulani cha ugumu ambacho huwezi kukifuta. Unachoweza kuamua ni nani aubebe: aliyetengeneza mtambo au anayeutumia. Kwake yeye ilikuwa afadhali mhandisi mmoja ahenyeke wiki nzima kuliko watu milioni kupoteza dakika moja kila mmoja.

Duka letu halina wateja milioni, lakini hesabu ni ileile. Picha ambayo hukuipunguza ukubwa, mteja anailipia kwa bando lake. Bei ambayo hukuiandika, mteja anaifuata kwa kupiga simu. Uwanja wa fomu, yaani nafasi ya kujaza, ambao hukufikiria kama unahitajika, mteja anaujaza akisimama juani. Ukiishika hoja hiyo, sehemu kubwa ya somo hili inajifungua yenyewe, kwa sababu kila mahali unajiuliza swali moja tu: kazi hii nimemwachia nani?

Maswali kwanza, kurasa baadaye

Mtengeneza tovuti hajui wateja wa bati wanauliza nini. Hata mwenye duka anaweza asijue vizuri, maana hukumbuka zaidi yale maswali ya ajabu na kuyasahau yale ya kila siku. Anayejua ni simu ya duka. Fungua WhatsApp ya biashara, rudi nyuma mwezi mmoja, uandike kila swali lililoulizwa mwanzo wa mazungumzo. Utakuta maswali machache yanajirudia mno: bei, kama mzigo upo, mnaleta wapi, mko wapi, mnafungua saa ngapi, naweza kulipa kidogo kidogo. Hiyo orodha, kwa mpangilio huohuo wa wingi, ndiyo ramani ya tovuti. Swali linaloulizwa zaidi linajibiwa juu kabisa, kwenye ukurasa wa kwanza, bila kubofya chochote.

Sasa linganisha na tovuti nyingi za kampuni zetu. Ukurasa unaanza na “Karibu”, unafuata ujumbe wa mkurugenzi, dira, dhamira, maadili ya msingi, historia ya kampuni, halafu picha za wafanyakazi wakikata keki. Huduma zimewekwa chini ya majina ya idara, kana kwamba mteja anajua tofauti ya idara ya mauzo na idara ya masoko. Tovuti imepangwa kama chati ya uongozi inayoning’inia ofisini kwa bosi. Sijawahi kusikia mtu aliyenunua nondo kwa sababu ya dhamira.

Serikali ya Uingereza iliwahi kuwa na tatizo hilihili kwa kiwango cha nchi, kila wizara na tovuti yake. Mwaka 2012 walizindua GOV.UK, tovuti moja iliyopangwa kwa kufuata kile raia anachotaka kufanya, kama kulipia gari au kupata pasipoti, na kanuni yao ya kwanza ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji. Tovuti hiyo karibu haina pambo lolote, ni maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Mwaka 2013 ilipewa tuzo ya Ubunifu wa Mwaka na Design Museum ya London, mbele ya majengo na mitambo iliyokuwa ikishindanishwa nayo.

Kwenye suala la bei lazima tusimame kidogo, maana hapo ndipo wafanyabiashara wetu hukaza shingo. “Bei njoo inbox” imekuwa desturi. Sababu zinazotolewa si za kipuuzi: mshindani ataona, bei ya bati hupanda na kushuka, na mteja akiona bei hatakuja kujadiliana. Lakini mshindani anaweza kumtuma kijana akaulize bei na akajibiwa ndani ya dakika mbili, kwa hiyo anayefichwa ni mteja peke yake. Kupanda na kushuka kwa bei kunatatuliwa na tarehe: andika “bei za wiki hii” pamoja na siku zilipowekwa, na mteja ataelewa, kwa kuwa naye anaishi humu humu. Kuhusu mapatano, andika wazi kwamba kuanzia idadi fulani ya mabati bei inazungumzika. Mnunuzi wa mabati mawili ya banda la kuku atalipa bei iliyoandikwa, na anayepaua nyumba nzima atapiga simu. Huyo ndiye unayemtaka apige.

Kuna bidhaa ambazo kweli huwezi kuzipa bei moja. Paa ni mfano mzuri. Mteja ana vipimo alivyopewa na fundi, duka linauza kwa bati au kwa mita, na katikati kuna hesabu ambayo wengi hukosea: bati linapolazwa hupishana na jirani yake, kwa hiyo upana linaofunika ni mdogo kuliko upana wake halisi. Duka linalijua hilo kila siku ya Mungu. Mteja analijua siku anapopungukiwa mabati manne na fundi yuko juu ya kenchi. Weka kwenye ukurasa upana unaofunika, na ukiweza weka kikokotoo kidogo kinachochukua urefu na upana wa paa kikatoa makadirio ya mabati, pamoja na onyo kwamba makadirio si vipimo vya fundi. Hapo hasa ndipo inapoingia hoja ya Tesler: hesabu ipo tu, haikwepeki, lakini imefanywa mara moja na anayeijua.

Bidhaa ziitwe kwa majina wanayoyatamka wanunuzi. Mtu anaandika kwenye simu “bati migongo mipana geji 28 bei”, haandiki jina la kiwandani lenye herufi na namba. Ukiweka jina la kiwandani peke yake, hata mtambo wa kutafuta hautamleta kwako. Na pale geji inapotajwa, mstari mmoja unatosha kumkumbusha asiyejua kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, maana wapo wanaodhani 32 ni imara kuliko 28 na hakuna aliyewaambia.

Saa za kazi nazo. Tovuti nyingi huandika 8:00–17:00 kwa sababu ndivyo kiolezo kilivyokuja. Msomaji wa Kiswahili anayeona “8:00” anaweza kusimama kidogo akajiuliza ni saa nane mchana au ni asubuhi. Andika saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, yaishe.

Nani analipia picha zako

Tovuti hutengenezwa kwenye kompyuta mpya, ofisini, juu ya intaneti ya waya. Hutumiwa kwenye simu ya bei ya chini ya miaka mitano iliyopita, skrini ina ufa, kumbukumbu imejaa video za kwaya, na bando ni la siku. Umbali kati ya hali hizo mbili ndio chanzo cha malalamiko mengi ambayo mwenye duka hayasikii.

Tufanye hesabu. Picha iliyopigwa na simu ya leo na kupakiwa kama ilivyo huwa na megabaiti 3 hadi 5. Duka limeweka picha nane kwenye ukurasa wa kwanza, tuseme megabaiti 4 kila moja. Jumla ni 32. Kwenye mtandao unaotoa megabiti 2 kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti 8), kiwango cha kawaida kabisa ukitoka nje ya mji, picha hizo zinachukua sekunde 128, yaani zaidi ya dakika mbili. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,000 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP au JPEG iliyobanwa vizuri, kila moja inaweza kushuka hadi kilobaiti 150 hivi. Nane zinakuwa megabaiti 1.2, na kwa mtandao uleule zinafika chini ya sekunde 5. Kwenye skrini ya simu macho hayataona tofauti. Kazi yote hiyo ni ya nusu saa, na programu za kuifanya ni za bure.

Kwa nini sekunde ni muhimu hivyo? Mtaalamu Jakob Nielsen mwaka 1993 alieleza mipaka mitatu ya subira ya binadamu mbele ya kompyuta, na imedumu. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huhisi amelifanya kwa mkono wake. Ndani ya sekunde 1, anaona kuna kuchelewa lakini mawazo hayakatiki. Ikifika sekunde 10, akili inahamia kwingine. Google nao wameweka vipimo vyao: kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na mtu akigusa kitu ukurasa uitike ndani ya milisekunde 200. Vipimo hivyo huingia pia katika kupanga matokeo ya utafutaji, ingawa si jambo kubwa kushinda maudhui yenyewe.

Kipimo chao cha tatu kinahusu kero ambayo kila mwenye simu anaijua. Unataka kugusa “Piga simu”, picha iliyokuwa inachelewa inatokea juu, ukurasa unasukumwa chini, na kidole kinaangukia tangazo. Dawa yake ni ndogo mno: mtengenezaji aandike upana na urefu wa kila picha ndani ya ukurasa, ili kivinjari kitenge nafasi kabla picha haijafika. Mwenye duka hahitaji kujua namna inavyoandikwa. Anahitaji tu kuuliza kama imeandikwa, na kuangalia kama aliyeulizwa anajibu mara moja au anazungukazunguka.

Zile picha kubwa zinazojizungusha zenyewe juu ya ukurasa wa kwanza ningezing’oa bila kusikitika. Erik Runyon wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alipima za chuo chake mwaka 2013 akakuta ni karibu asilimia 1 tu ya wageni waliozibofya, na wengi wa hao walibofya ile ya kwanza. Kilichowekwa kwenye picha ya nne kilikuwa kama hakipo. Huwekwa kwa sababu wakurugenzi wanne wote wanataka kuwa juu, na kuzungusha ni njia ya kuepuka kuamua nani atangulie. Uamuzi umemwangukia mteja, na mteja ameukataa.

Mengine nitayapitia haraka. Herufi za kijivu juu ya kijivu chepesi zinapendeza studio na hazisomeki juani. Kiwango cha kimataifa cha WCAG kinataka utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba: Google hupendekeza 48 kwa 48 kwa kizio cha dp cha Android, ambavyo ni karibu milimita 9, na fundi mwenye saruji mkononi atakushukuru. Kitufe cha kupiga simu kiwe kinapiga simu kikiguswa, kisiwe picha ya namba ambayo mtu lazima aikariri. Menyu iwe na maneno machache yanayoeleweka, na lile la bei liwe la kwanza.

Fomu, mahali wateja wanapofia

Kisa kinachosimuliwa sana katika fani hii ni cha Expedia, kampuni ya kukata tiketi na kupanga hoteli. Kwenye ukurasa wao wa malipo, chini ya jina, kulikuwa na uwanja wa hiari ulioandikwa “Kampuni”. Baadhi ya wateja walidhani wanaulizwa jina la benki yao, wakaliandika. Wakishaandika benki, uwanja unaofuata wa anwani wakajaza anwani ya benki. Mfumo ulipolinganisha anwani hiyo na ile ya mwenye kadi, malipo yakakataliwa. Kampuni ilipouondoa uwanja huo mmoja, faida iliongezeka kwa dola milioni 12 kwa mwaka. Uwanja haukuwa wa lazima, na haukuwa na kosa lolote la kiufundi. Ulikuwa tu swali lisilo na sababu, na mtu akiulizwa swali huamini lina sababu.

Fomu zetu nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye violezo vya Marekani, na zimekuja na maswali ya huko. Zinataka jimbo. Zinataka msimbo wa posta, na haziruhusu kuendelea bila huo. Tanzania inayo misimbo ya posta na mpango wa anwani za makazi, lakini waulize watu kumi barabarani, wangapi watautaja msimbo wa kwao bila kutafuta? Dereva wa Kirikuu anayepeleka bati hauhitaji pia. Anahitaji kijiji au mtaa, alama inayojulikana kama msikiti au kituo cha mafuta, na namba ya mtu aliye pale. Ramani ya simu inasaidia zaidi: kitufe cha kutuma mahali ulipo kinatosha nusu ya maelezo.

Namba ya simu ndiyo ya lazima, barua pepe ni ya hiari. Wapo wateja wazuri wenye fedha ambao barua pepe yao ilifunguliwa na muuza simu siku waliponunua simu, na hawajawahi kuiona tena. Na uwanja wa namba ukubali namna zote watu wanavyoandika: inayoanza na 0, inayoanza na +255, yenye nafasi katikati na isiyo nazo. Kompyuta inaweza kuondoa nafasi kwa kufumba na kufumbua. Kumwambia mteja “namba si sahihi” kwa sababu ameacha nafasi ni uvivu uliohamishwa.

Usimlazimishe mtu kufungua akaunti ili anunue mifuko kumi ya saruji. Jared Spool, mshauri wa Marekani, aliwahi kueleza duka kubwa la mtandaoni lililokuwa likiwataka wateja wajisajili kabla ya kulipa. Waliondoa kitufe cha kujisajili, wakaweka cha kuendelea pamoja na maneno mafupi kwamba akaunti si lazima. Walionunua waliongezeka kwa asilimia 45.

Siku hizi kuna sababu nyingine ya kupunguza maswali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Ukikusanya namba ya kitambulisho cha taifa ya mtu aliyekuja kununua misumari, umebeba dhamana ya kuilinda. Usichokihitaji usikiombe, na hapo angalau sheria na urahisi wa mteja vinakwenda pamoja.

Hela inapotoka mfukoni

Nchi ambayo kila mtu amewahi kupokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” haihitaji kufundishwa tahadhari. Mteja anayefika kwenye ukurasa wa malipo anafika akiwa na shaka tayari, na kila kitu kisicholingana kinaiongeza. Tovuti inaitwa jina moja, Lipa Namba inaleta jina jingine, risiti ina la tatu ambalo ni la shemeji wa mwenye duka. Kila mtu pale dukani anajua ni biashara ileile. Mteja hajui. Jina linalotokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri liwe ndilo lililo juu ya tovuti, na kama haiwezekani, liandikwe wazi kwenye ukurasa: “Ukilipa, utaona jina hili.” Mstari huo mmoja unaokoa mauzo kuliko nembo kumi za usalama.

Imani hujengwa na vitu vya kawaida: picha halisi ya duka kwa mbele, yenye bango linalosomeka, maelekezo ya kufika kutoka stendi, namba inayopokelewa. Ile picha ya mzungu mwenye kofia inafanya kinyume, kwa kuwa kila mtu ameiona kwenye tovuti nyingine. Usalama wa mawasiliano nao usipuuzwe. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kimekuwa kikiziwekea alama ya kutokuwa salama tovuti zisizotumia HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa yasisomwe njiani, na cheti chake hupatikana bure kupitia Let’s Encrypt. Anayekutoza fedha nyingi kwa cheti cha kawaida cha duka dogo anauza kinachotolewa bure.

Malipo yenyewe yana sehemu tata. Mteja anagusa “Lipa”, na ombi la namba ya siri linapaswa kuja kwenye simu yake. Mara nyingi linakuja. Wakati mwingine mtandao unachelewa na halitokei, na huo ndio wakati tovuti hujulikana kama imefikiriwa. Ukurasa unaozungusha duara bila neno unamfanya aguse tena, kisha tena, na baadaye anajikuta na maombi matatu. Ukurasa mzuri unamwambia tangu mwanzo: angalia simu yako, utaona ombi kutoka kwa duka fulani, la kiasi fulani, lisipotokea ndani ya dakika moja, lipa kwa Lipa Namba hii na kumbukumbu ya oda hii. Malipo yakishindikana, “hitilafu imetokea” si maelezo. Mtu aliyetoka kuweka namba ya siri ana swali moja kichwani: hela yangu imekatwa au haijakatwa? Mtengenezaji lazima aulizie hali ya muamala kwa mtoa huduma na kumjibu mteja kwa ukweli, na kama bado haijulikani aseme haijulikani, ampe namba ya kupiga. Kuandika “haijakatwa” kwa kubahatisha ni hatari kuliko kunyamaza.

Kuna mteja mmoja ambaye tovuti za ndani humsahau karibu zote, naye ndiye anayeihitaji tovuti kuliko yeyote: Mtanzania aliye Muscat, London au Minnesota anayejenga nyumbani. Hawezi kupita dukani. Analipa yeye, lakini mzigo unapokelewa Mkambarani na mdogo wake. Fomu nyingi zina nafasi ya mtu mmoja tu, kwa hiyo dereva anapiga simu inayoita Oman usiku huku bati ziko barabarani. Tenganisha anayelipa na anayepokea, kila mmoja na namba yake. Mpe njia ya kulipa kwa kadi au kwa huduma ya kutuma pesa kimataifa. Na kiungo cha WhatsApp kiandikwe kwa namba ya kimataifa, 255 ikitangulia bila sifuri, la sivyo hakitafunguka ipasavyo. Baada ya mzigo kushuka, picha ya bati zikiwa saiti pamoja na risiti iliyosainiwa, ikitumwa kwa aliyelipa, ni huduma ambayo ndugu wengi wa nyumbani wameshindwa kuitoa.

Kujaribu, na yatakayofuata

Njia ya kujua kama tovuti ni rahisi ni kumpa mtu asiyeijua kazi ya kufanya, kisha kukaa kimya. Si mke wako, si mfanyakazi wako, wala si mtengenezaji. Mwambie mteja aliyesimama kaunta akisubiri mzigo: tumia simu yako mwenyewe, tafuta bei ya nondo ya milimita 12, uone kama tunaleta Mvomero. Usimwelekeze. Usimwambie “hapo juu kulia”. Kimya hicho ni kigumu kwelikweli, mdomo utawasha. Nielsen alionyesha mwaka 2000 kwamba watu watano tu hutosha kugundua karibu asilimia 85 ya matatizo, na ushauri wake ulikuwa kujaribu na watano, kurekebisha, kisha kurudia, badala ya kujaribu na wengi mara moja. Fanya mapema, hata kwa michoro ya karatasi, kabla kijana hajalipwa awamu ya mwisho.

Swali la haki kabisa ni kama duka hili linahitaji tovuti hata kidogo, ilhali Instagram na WhatsApp zipo. Fundi cherehani mwenye wateja wa mtaa mmoja pengine hahitaji. Duka lenye bidhaa mia na bei zinazobadilika linahitaji, kwa sababu picha ya Instagram ya miezi mitatu iliyopita bado inaonyesha bei ya zamani na huwezi kuizuia isisambae. Tovuti ni mahali pamoja ambapo jibu la leo linakaa. Muuzaji akiulizwa bei kwenye WhatsApp, anatuma kiungo cha ukurasa huo. Hakikisha tu kiungo kikitumwa kinaonyesha jina la bidhaa na picha yake, maana ndivyo watu wengi watakavyoiona tovuti yako mara ya kwanza.

Na kwa kuwa bei ndiyo moyo wa yote haya, mkataba na mtengenezaji ulinde mambo ambayo hayaonekani kwenye skrini. Mtu wa kaunta aweze kubadili bei kwa simu yake bila kumpigia fundi, na awe na jina, ajulikane ndiye mwenye kazi hiyo kila Jumatatu asubuhi. Jina la tovuti, liwe .co.tz au .com, lisajiliwe kwa jina la biashara na kwa barua pepe ya mwenye biashara, si ya kijana aliyeitengeneza, ili siku akihamia mji mwingine au mkikosana, tovuti isiondoke naye. Nywila zote zikabidhiwe kwa maandishi, na tarehe ya kulipia upya jina na seva iandikwe kwenye kalenda ileile inayoandikwa tarehe ya kodi ya fremu.